Fahali aliyezidi kazi yake: kisa cha Bodacious, 1995

Desemba 1995, mjini Las Vegas, mfugaji wa Texas aitwaye Sammy Andrews alimtoa fahali wake bora katika mchezo wa kupanda mafahali. Fahali huyo, Bodacious, alikuwa na miaka saba, umri ambao fahali wa rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe wa Marekani, bado yuko kileleni. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa ameteguka popote. Mwaka huo huo chama cha wapanda mafahali, PBR, kilikuwa kimempa taji la fahali bingwa. Hakuna mwamuzi aliyemfungia na hakuna kanuni iliyovunjwa. Mwenye mali aliamua mwenyewe kwamba basi, imetosha.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya ng'ombe mkali na wanaume wasiojua woga. Mimi kinanivutia kwa upande wa boma na jiko. Familia inayoishi kwa kufuga wanyama hawa hupiga hesabu gani pale mnyama mmoja anapokuwa hodari kupita kiasi? Andrews alikuwa na njia nne mbele yake: fahali aendelee na kazi, auzwe, achinjwe, au arudi nyumbani awe dume la mbegu. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji ajue anapelekwa wapi: aliamua sawa, ila alichelewa, na kuchelewa kule kuna mengi ya kufundisha kuliko uamuzi wenyewe.

Kwanza mchezo. Rodeo imetokana na kazi za ranchi: kumtia ndama kamba, kumzoesha farasi mkaidi tandiko. Kupanda fahali ni tawi ambalo halina mizizi katika kazi yoyote, maana hakuna mchungaji aliyewahi kulazimika kumpanda fahali ili amalize shughuli za siku. Mpandaji hushika kwa mkono mmoja kamba iliyozungushwa kifuani mwa mnyama. Mkono wa pili ukimgusa fahali au ukimgusa yeye mwenyewe, amekosa. Akidumu sekunde 8 anapewa alama kati ya 100, nusu kwa alivyopanda yeye, nusu kwa alivyoruka fahali. Uchumi wote wa mchezo umejificha kwenye hiyo nusu ya pili. Mpandaji mzuri humtafuta fahali mgumu kwa hiari yake, kwa kuwa fahali mlegevu humpa sekunde 8 zisizo na faida.

Kuna kamba nyingine nyuma, mshipi laini unaofungwa karibu na nyonga, unaomfanya fahali arushe miguu ya nyuma juu zaidi. Watu wengi huamini kwamba mshipi huu hufungwa kwenye korodani. Sivyo. Ng'ombe aliyeumizwa pale hugoma au hulala chini, na isitoshe, mfugaji anayetegemea mbegu za fahali wake hana wazimu wa kuchezea mahali hapo.

Bodacious alizaliwa mwaka 1988 Oklahoma, kwa mfugaji Phillip Sumner, akapewa namba J31. Alikuwa Charbray, mchanganyiko wa Charolais wa Ufaransa na Brahman. Rangi yake ilikuwa manjano iliyopauka, na alipokomaa alifika ratili 1,900 hivi, yaani kama kilo 860. Familia ya Andrews ilimnunua mwaka 1992 na kumhamishia Bagwell, mahali padogo kaskazini-mashariki mwa Texas. Katika takriban mara 135 alizotoka kizimbani, kile kibanda chembamba anamopandiwa kabla ya lango kufunguliwa, aliwaangusha wapandaji zaidi ya mara 120.

Brahman ni ng'ombe wa nundu ambaye Wamarekani walimtengeneza kutokana na ng'ombe walioletwa kutoka India, wengine wakipitia Brazil. Kwa hiyo ni jamaa wa zebu wetu, na ukimwona ukiwa umetoka Tanga au Malindi, jicho litakwenda moja kwa moja kwenye ile nundu. Pole. Texas nundu haina heshima yoyote buchani. Wanaoijua thamani yake ni Wabrazil, ambao huiita cupim na kuichoma polepole mpaka iachane yenyewe. Wabrazil hao hao waling'ara mapema kwenye mchezo huu: bingwa wa kwanza wa PBR, mwaka 1994, alikuwa Adriano Moraes wa Brazil.

Sasa turudi bomani, kwa sababu bila kuelewa jinsi ranchi ya namna hii inavyojilisha, uamuzi wa Andrews utaonekana kuwa suala la huruma tu.

Ranchi ya mafahali wa rodeo ni ranchi ya ng'ombe kwanza, rodeo baadaye. Majike huzaa kila mwaka, karibu nusu ya ndama ni wa kike, na kati ya madume wachache mno ndio wanaoruka kwa kiwango cha kulipwa. Siku hizi madume hujaribiwa wakiwa na miaka miwili. Hakuna mtu anayepanda. Hufungwa kisanduku kidogo mgongoni ambacho hufunguliwa kwa rimoti baada ya sekunde chache, na mwenye ng'ombe husimama pembeni akitazama kama mnyama anarusha nyonga, anageuka, anabadili mwelekeo, au anakimbia tu kama mbuzi aliyefunguliwa. Anayekimbia tu hana kazi hapo.

Ugumu ni kwamba ili ujue kama dume ataruka, lazima umwache bila kumhasi mpaka umri huo. Mfugaji wa nyama humhasi ndama mapema, akamnenepesha maksai, akauza nyama laini yenye mafuta yaliyochanganyika vizuri ndani. Mfugaji wa rodeo amesubiri miaka miwili apate jibu, na jibu likiwa hapana, anabaki na dume mwenye misuli mikavu, shingo nene na nyama ya rangi iliyokolea. Akimhasi wakati huo, bei yake mnadani haitamfikia maksai wa kawaida. Amelipa gharama ya kusubiri. Kule Kakamega, kwenye viwanja vya Khayega na Malinya, wenye mafahali wa kupigana wanaijua hesabu hii: fahali anayeshindwa mara kwa mara huishia kwa mchinjaji, na aliyemlisha miaka yote hiyo harudishiwi gharama zake kwa kilo.

Ndiyo maana nyumba nyingi za aina hii zina friza kubwa, na nyama nyingi iliyomo ndani yake ni ya mnyama waliyemfahamu. Mchinjaji wa mji wa jirani humkatakata kwa maagizo ya familia, akafunga vipande kwa karatasi nyeupe na kuandika juu yake. Sijui jikoni kwa akina Andrews walikula nini, na sitabuni. Ila vyakula vya Texas vyenyewe vinasema aina ya nyama iliyovizaa.

Chukua chili, ambayo bunge la Texas lilitangaza mwaka 1977 kuwa chakula rasmi cha jimbo. Kwa mkono wa Kitexas haina maharagwe wala, kwa wenye msimamo mkali, nyanya. Ni vipande vya nyama ngumu ya bega, pilipili kavu zilizolowekwa na kusagwa, bizari nyembamba na kitunguu saumu, vikaachwa motoni kwa saa kadhaa. Au ile steki ya kukaangwa kama kuku. Kipande cha paja kisichotafunika hupondwapondwa kwa nyundo ya mbao au chuma mpaka nyuzi zikatike, kikapakwa unga na yai, kikakaangwa, kisha kikamwagiwa mchuzi mzito mweupe uliopikwa kwa maziwa, unga na yale makoko yaliyobaki kwenye kikaango. Mpishi aliyebuni chakula hicho hakuwa na steki laini mezani pake. Alikuwa na nyundo.

Kidari nacho, ambacho leo ndicho fahari ya wachoma nyama wa Texas, kilikuwa kipande cha bei ya chini. Ni msuli unaobeba uzito wa mbele wa ng'ombe mchana kutwa, umejaa tishu ngumu zinazoshikilia nyuzi. Ukiuchoma haraka utatafuna mpaka taya ziume. Ukiuweka kwenye moshi wa mwaloni wenye joto la nyuzi 110 hadi 120 hivi, kwa saa 10, 12 na zaidi, tishu zile huyeyuka kidogo kidogo kuwa uteute unaolainisha kila kitu. Wapishi huutoa joto la ndani likifika nyuzi 93 au 95, au wakichomeka kijiti kikapita bila ubishi. Kwa dume wa miaka miwili asiye na mafuta, hata kidari huhitaji usaidizi. Wengine hukifunika karatasi katikati ya safari ili kisikauke, wengine huacha habari za moshi kabisa, wakakipika kwenye sufuria nzito lenye kifuniko pamoja na karoti, viazi na vitunguu, kikaliwa Jumapili mchana.

Na fahali mzima je? Fahali mkubwa aliyestaafu, aliyefika miaka saba au minane? Huyo hafai hata kwa sufuria. Nyama yake ni nyekundu iliyokolea, karibu haina mafuta, na tishu zake zimekomaa kiasi kwamba njia ya heshima iliyobaki ni mashine ya kusagia. Katika minada ya Marekani mafahali wazee huuzwa kwa ajili ya soseji na nyama ya kusaga, na wasagaji huipenda kwa sababu ni kavu na hunyonya vizuri mafuta yatokayo kwa maksai walionenepeshwa. Bodacious wa kilo 860 angetoa mzoga wa karibu nusu tani, na baada ya kuondoa mifupa, kilo mia tatu na kitu za nyama ya kusaga. Ziweke kando kilo hizo, tutazirudia.

Kilichomtofautisha Bodacious na mafahali wengine wagumu hakikuwa nguvu peke yake. Mpandaji yeyote hufundishwa kuegemea mbele fahali anapoinua nyonga, kifua kikiwa karibu na mabega ya mnyama, la sivyo anarushwa kichwani mwa fahali au anaachwa nyuma. Bodacious alitoka kizimbani kwa mruko mmoja mkubwa, nyonga juu kabisa na kichwa chini. Mpandaji akaegemea mbele kama alivyofunzwa. Hapo hapo fahali akakirudisha kichwa juu kwa nguvu zote, na fuvu likakutana na uso uliokuwa ukija chini. Kadiri mpandaji alivyokuwa na ustadi, ndivyo uso wake ulivyokuwa mahali pa hatari. Mwanagenzi aliyechelewa kuegemea angeanguka tu na kuondoka na vumbi.

Je, fahali alikusudia? Swali hili hupendwa na watangazaji, na sidhani kama lina maana kubwa. Ng'ombe hujifunza kwa malipo kama wanyama wengine. Mara mzigo unapotoka mgongoni, mshipi wa nyuma hulegezwa, lango la kutokea hufunguliwa, na mnyama anakwenda kupumzika na kula. Kila harakati iliyomwondoa mpandaji haraka ililipwa papo hapo. Baada ya miaka mitatu ya malipo ya namna hiyo, fahali mwenye akili hachelewi kujua kinacholipa.

Tuff Hedeman aliujua vizuri ugumu wake. Bingwa wa dunia wa PRCA, chama cha rodeo ya kulipwa, mwaka 1986, 1989 na 1991, na mmoja wa wapandaji 20 waliochanga dola 1,000 kila mmoja mwaka 1992 kuanzisha PBR. Mwaka 1993, huko Long Beach, California, alimpanda Bodacious akadumu na kupata alama 95, ambazo hata leo zingemweka mtu kwenye vichwa vya habari. Wakakutana tena Oktoba 1995 katika fainali za PBR, Las Vegas. Safari hii fuvu lilimpata usoni. Karibu kila mfupa mkubwa wa uso ulivunjika; alitoka uwanjani akitembea, na baadaye madaktari walitumia saa nyingi kumrekebisha kwa mabamba ya titani. Taji la PBR la mwaka huo alilipata yeye.

Wakati ule wapandaji walikuwa wameanza kuvaa fulana za kukinga kifua na mgongo. Nazo zilikuja baada ya msiba: Lane Frost, rafiki mkubwa wa Hedeman, alipigwa pembe mgongoni na kufa huko Cheyenne, Wyoming, Julai 1989, na Cody Lambert, mpandaji mwenzao, akabuni fulana ile. Kichwani, wanaume walikuwa bado na kofia ya kawaida ya ranchi.

Sasa tunafika kwenye zile wiki chache ambazo, kwa maoni yangu, ndizo kisa chenyewe. Kati ya Oktoba na Desemba, kila mtu aliyekuwa na sauti katika mchezo alikuwa ameona kilichotokea. Hata hivyo Bodacious alifika kwenye fainali za taifa za rodeo, NFR, mwezi Desemba, kana kwamba hapakuwa na jipya. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni namna mafahali wa fainali hizo wanavyopatikana. Wapandaji wenyewe hupiga kura kuchagua wanyama, kisha kura nyingine ya kubahatisha huamua nani atampanda nani. Wapandaji 15 bora hukaa Las Vegas usiku 10, na mwenye njaa ya ubingwa anataka fahali watakaompa alama za kutosha kumpita mwenzake. Kumkataa Bodacious kungekuwa kukiri hadharani kwamba kuna fahali asiyepandika, na hakuna mpandaji anayelala vizuri baada ya kukiri hivyo. Kwa hiyo waliokuwa kwenye hatari zaidi ndio waliokuwa na sababu ndogo zaidi ya kusema hapana.

Sababu ya pili ni ya ranchi. Mfugaji hupata sifa, mikataba na bei ya ndama wake kutokana na wanyama wanaoonekana kwenye fainali. Fahali bingwa ndiye anayewauza ndugu zake, dada zake na watoto wake. Kumzuia nyumbani mwezi wa fainali ni kufunga duka siku ya gulio. Tena kulikuwa na hoja iliyoonekana ya haki: fahali anafanya alichofugwa afanye, na ajali ni sehemu ya mchezo. Hoja hiyo ina kasoro moja. Ajali ni jambo lisilotabirika, na pigo lile sasa lilikuwa linatabirika kwa sababu lilitokana na mafunzo sahihi ya mpandaji.

Kura ya kubahatisha ikampa Hedeman fahali yule yule. Inasimuliwa kwamba mwanawe mdogo alikuwa amemwomba baba yake asimpande tena mnyama huyo, naye akaahidi. Alisimama pembeni ya kizimba, lango likafunguliwa, fahali akatoka bila mtu, na Hedeman akamvulia kofia. Alama sifuri kwa usiku huo. Mtu aliyeshinda mataji manne alikubali mbele ya uwanja mzima kupoteza fedha na alama kwa ajili ya mtoto. Kama uchambuzi huu ungekuwa wa Hedeman, ningeishia hapa, maana hiyo ndiyo tathmini ya hatari iliyofanywa vizuri kuliko zote mwaka ule.

Siku chache baadaye kura ilimwangukia Scott Breding. Yeye aliingia na kinyago cha kinga, cha aina ya wachezaji wa hoki. Kinyago hakikusaidia. Kichwa kilipanda, Breding akapoteza fahamu, na mifupa ya uso ikavunjika. Hapo ndipo Andrews alipotangaza kumstaafisha fahali, akieleza kwamba hakutaka kuwa mtu aliyemwacha mnyama wake aue mtu.

Tuzipime zile njia nne kwa macho ya mwenye boma.

Kumwacha aendelee kulikuwa na faida kila usiku aliotoka kizimbani, mpaka usiku ambao mtu angekufa. Baada ya hapo jina lile lingegeuka mzigo kwa ranchi nzima, na wapandaji wangeanza kujitoa kila wanapopangiwa fahali wa Andrews. Fahali asiye na mpandaji hapati alama. Hedeman alikuwa ameshaonyesha njia ya kujitoa bila kuonekana mwoga, jambo ambalo lilipunguza thamani ya Bodacious uwanjani kuliko watu walivyotambua.

Kumuuza kungempa Andrews fedha nyingi mara moja. Angemuuza nani, lakini? Mnunuzi pekee wa kulipa bei ile angekuwa mtu wa kumrudisha uwanjani, na kisa kingeendelea na jina la mwingine kwenye karatasi. Dhamiri isingepona kwa hati ya mauzo. Naye Andrews angekuwa amepoteza mbegu.

Kumchinja, basi. Msomaji aliyekulia kwenye ufugaji ameshajiuliza, na swali si la ukatili. Katika ranchi nyingi, ng'ombe anayejeruhi watu huondoka kwa trela la mnada wiki hiyo hiyo. Zile kilo mia tatu na kitu za nyama ya kusaga zingejaza friza za familia kadhaa, lakini kwa bei ya fahali wa soseji zingekuwa hela ndogo kupindukia kwa mnyama wa aina hii. Kuna na jambo la dawa: mnyama wa michezo aliyetibiwa maumivu ya miguu au misuli hawezi kupelekwa machinjioni mpaka siku za kusubiri dawa iishe mwilini zipite. Hesabu haikukubali hata kidogo. Fahali aliyekuwa na thamani kubwa akiwa hai bila kazi alikuwa na thamani ya hambaga akiwa amekufa.

Ikabaki kumrudisha Bagwell awe dume la mbegu, na hapa ndipo wakati ulipokuwa upande wa Andrews. Miaka ile ufugaji wa mafahali wa rodeo ulikuwa unaanza kuacha bahati. Zamani wenye rodeo walinunua tu ng'ombe wakorofi waliofukuzwa kwenye ranchi za nyama, wakijaribu huyu na yule. Kisha wafugaji kama Charlie Plummer wa Oklahoma wakaonyesha kwamba kuruka kunarithiwa, na baadaye vikafuata vitabu vya ukoo, vipimo vya vinasaba vya kuthibitisha baba na mama, na uhimilishaji, yaani kumpa jike mimba kwa mbegu zilizohifadhiwa bila kukutana na dume. Fahali mwenye jina kubwa anaweza kuzalisha kwa mirija ya mbegu kuliko angeweza kuingiza kizimbani kwa sekunde 8 kila wikiendi. Kwa hiyo, bila kuidharau dhamiri ya Andrews, uamuzi wake haukumlazimisha achague kati ya utu na ugali. Mwaka 1975 ungemgharimu sana. Mwaka 1995 ulimgharimu kiasi alichoweza kubeba.

Najua kuna atakayeuliza kama ni busara kuzalisha kutoka kwa fahali wa namna ile. Nadhani kinachorithiwa ni umbo, nguvu ya nyonga na wepesi wa miguu. Ule ustadi wa kupiga kichwa kwa wakati wake aliupata kazini. Ukimlea mwanawe kwa malipo yale yale anaweza kufika kule kule, na huo ni wajibu wa mlezi zaidi ya ukoo.

Bodacious aliingizwa kwenye jumba la heshima la ProRodeo mwaka 1999. Mei mwaka uliofuata alikufa akiwa na miaka 12. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba figo zake zilishindwa baada ya kupewa dawa za maumivu ya kwato. Kwa mfugaji, sehemu hii inastahili kusomwa mara mbili: fahali wa kilo 860 hubeba uzito huo kwenye kwato nne maisha yake yote, na kilema kidogo cha mguu humfuata mpaka kwenye figo kupitia chupa ya dawa.

Mabadiliko ya kanuni yalikuja polepole mno. Ilibidi tufike mwaka 2013 ndipo PBR ilipowalazimisha wapandaji waliozaliwa kuanzia tarehe 15 Oktoba 1994 kuvaa helmeti zenye kinga ya uso, wakubwa wao wakiachwa wachague. Kanuni hiyo inamshughulikia anayepanda. Kilichokosekana mwaka 1995 kilikuwa kanuni ya kumshughulikia fahali: nani ana mamlaka ya kumsimamisha, kwa ushahidi gani, na hasara anaibeba nani.

Kama ningepewa kuuandika mkataba wa fainali zile, ningeweka kifungu kwamba fahali aliyevunja uso wa mpandaji kwa harakati inayojirudia anasimama papo hapo, mikanda ya video ikatazamwe na wapandaji waliostaafu, si walioko kwenye mbio za taji. Na mwenye fahali alipwe posho ya siku zote alizopangiwa, kana kwamba mnyama wake alitoka kizimbani. Bila kifungu hicho cha mwisho kile cha kwanza hakitekelezeki, kwa sababu unakuwa umemwachia mtu mmoja mwenye majike ya kulisha na mikopo ya benki jukumu la kuulinda uso wa mtu mwingine kwa gharama yake mwenyewe. Andrews alilibeba, baada ya Breding. Baada ya Hedeman, hesabu haikuwa imemruhusu bado, na hakuna aliyejitolea kuibadilisha hesabu hiyo.